Kiti cha Mama Kinasogea

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimwita Bi Kagua, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuwapekua wanawake wanapotoka zamu. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya geti, pazia la plastiki, meza na macho yake. Mfuko unamiminwa mezani, viatu vinavuliwa, kilemba kinafunguliwa. Aliwahi kukamata mche wa sabuni ndani ya mkate. Mkate ulikuwa umechongwa kwa ustadi, umetolewa nyama yake na kuzibwa tena, na kilichomshtua Bi Kagua si sura ya mwenye mkate bali uzito. "Mkate gani huu," aliuliza, "umeshiba kuliko mlaji?" Walinzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule mama hakucheka, maana kibarua chake kiliota nyasi siku hiyohiyo.

Sasa, kila kazi ina uchafu wake wa kunawa jioni. Mwashi hunawa saruji, muuza samaki hunawa harufu. Bi Kagua alikuwa hanawi. Shaka aliyoivaa asubuhi pamoja na sare ya buluu alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Aliwahi kuolewa na dereva wa lori, mtu mpole, ambaye kila akirudi safari mifuko ya suruali yake ilipinduliwa nje-ndani. Hakukutwa na kitu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtia mkewe wasiwasi zaidi: mwanamume gani huyu asiye na hata kipande cha risiti? Mwishowe dereva akasema amechoka kushuka kwenye lori na kuingia getini, akafunga begi lake akaenda. Bi Kagua aliwaambia majirani, "Nilijua tu." Alikuwa hajui lolote, masikini, lakini ungemwambia hivyo mngegombana.

Baada ya ndoa akabaki na mama. Mama yake aliishi kwa mdogo wa kiume wa Bi Kagua, fundi wa majokofu, pamoja na mkewe. Chumba cha mama kilikuwa upande wa nyuma: kitanda, kabati, kiti cha mbao chenye mto, meza ndogo ya redio, na dirisha moja kubwa lililotazama uani. Bi Kagua alikwenda kila Jumapili, akiingia kwa mlango wa mbele na sauti yake imemtangulia, akisalimia, akiuliza, akilalamikia joto. Alimpenda mama yake mapenzi ya kuumiza. Ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kumshuku kwa lolote. Na kwa kuwa mama hakushukiwa, na mdogo wake ni damu yake, shaka yote ya nyumba ile ikamwangukia wifi.

Haikukosa pa kushika. Kwanza kikombe. Mama alikuwa na kikombe cheupe alichonywea chai ya maziwa tangu watoto wake wakiwa wadogo, na Jumapili moja akakutwa ananywea kikombe cha buluu iliyokoza.

"Wifi, kile cheupe kiko wapi?"

"Kipo kabatini, wifi. Mama anakipenda zaidi hiki."

Anakipenda zaidi. Bi Kagua alilisikia hilo kwa sikio la kibandani. Kisha zulia la chumba cha mama likaondolewa, sakafu ikabaki vigae vitupu. Kisha kingo za ngazi za uani zikapakwa rangi nyeupe, eti urembo. Kisha akamkuta wifi ameshika simu ya mama, anasoma ujumbe wa mama kwa sauti, tena bila haya. Na mwisho ni kiti. Kiti cha mama kilikuwa kando ya kabati tangu alipohamia chumba kile. Sasa kilikuwa kinasogea. Kila akija anakikuta kimekwenda mbele kidogo, mbali na kabati, kuelekea dirishani, na meza ya redio inakifuata nyuma.

"Mama, nani anakusogezea kiti?"

"Kiti kina miguu, mwanangu," mama alijibu akicheka. "Mimi sina neno. Nipo vizuri."

Watu wote aliowahi kuwakuta na sabuni walianza kwa kusema hawana neno. Bi Kagua akajumlisha. Mdogo wake alikuwa na majokofu mabovu yamejaa mpaka barazani, na mkewe kila siku analalamikia nafasi. Leo kiti, kesho kitanda, keshokutwa mama amebanwa dirishani na nusu ya chumba imekuwa stoo ya majokofu. Kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akasukuma kitanda chake ukutani, akaingiza kitanda cha pili. Mlango ukawa haufunguki wote, lakini nafasi ya mama ikapatikana.

Ilibaki kumshawishi mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na ugonjwa mmoja: alimpenda mkewe. Kwa hiyo Bi Kagua akanunua simu, ya mkononi mwa mtu lakini nzima, yenye macho kadhaa mgongoni. Akapiga picha ya chumba Jumapili moja, akapiga nyingine Jumapili iliyofuata. Akaziweka pamoja. Katika ya kwanza kabati lilikuwa mbali kule, dogo, chumba kipana. Katika ya pili kabati limejaa mbele na chumba kimekuwa kama kibweta. Si kiti peke yake, basi. Na kabati nalo.

Alilitoa jambo hilo mezani, watu wanakula. Wifi aliweka kijiko chini. Mdogo wake akanyanyuka, akaenda kuleta futi yake ya chuma, akaingia chumbani kwa mama na wote wakamfuata. Akapima toka ukutani mpaka kwenye kabati. Kisha akainama akaonyesha sakafu: chini ya miguu ya kabati kulikuwa na alama nyeusi ya vumbi la miaka, na kila mguu umekaa juu ya alama yake.

"Dada, picha yako inasema kabati limetembea. Sakafu inasema halijatembea. Nimwamini nani?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Bi Kagua alisema simu ina hitilafu, akakaa kitandani kwa mama.

"Nikwambie kitu," mdogo wake akaendelea, bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ukinionyesha kwamba mama anaonewa humu ndani, mchukue ukakae naye, sitakuzuia hata kidogo. Lakini lete kinachoonekana. La sivyo, maneno juu ya mke wangu yaishe leo."

Mama alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza uani. Wifi alitoka kwenda kuosha vyombo, na vyombo vilisikika.

Mkabala na geti la kiwanda kulikuwa na studio ya picha za vitambulisho. Mwenyewe alijulikana kwa jina la Simama-Hapo, kwa kuwa ndiyo salamu yake. Hata ukija kuomba chenji atakwambia simama hapo. Bi Kagua alimvamia kesho yake kama anayekuja kumkamata.

"Fundi, simu hii inasema uongo."

Simama-Hapo alivaa miwani, akanyoosha mkono aipokee. Bi Kagua akaikumbatia simu kifuani. "Tazama hivihivi. Usiishike."

"Sawa, dada. Hailiwi." Akatazama picha mbili akiwa ameinama kama anayesoma dawa. Kisha akacheka, lakini si kwa dharau. "Simu haijadanganya. Umebadilisha jicho bila kujua. Hii ya kwanza umepiga kwa lenzi pana. Hiyo inavuta kila kitu kiingie, kwa hiyo vya mbali inavifanya vidogo na chumba kinaonekana ukumbi. Hii ya pili ni lenzi ya kawaida. Halafu siku ya kwanza ulisimama nje ya kizingiti, ya pili ukaingia ndani. Ukitaka kulinganisha picha mbili, wewe mwenyewe usiwe picha mbili."

Akamwambia achague lenzi moja asiiache. Aweke alama mahali pa kusimama, kisigino kiguse alama hiyo kila siku. Kimo cha simu kiwe kilekile, na saa iwe ileile, maana mwanga wa asubuhi na wa alasiri ni ndugu wasiofanana. Bi Kagua alisikiliza kwa mashaka. Kwa nini mtu huyu anamfundisha bure? Ana lake jambo. Alimuuliza.

"Wateja wangu wote wanataka uso mbele, ukuta nyuma, asante kwaheri," alisema Simama-Hapo. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza picha inafanyaje kazi. Nimefurahi, basi. Na hilo nalo utalipekua?"

Alilipekua, kwa siku kadhaa, asikute kitu. Akawa anavuka barabara wakati wa mapumziko ya chai, na Simama-Hapo akawa anamtupia somo moja moja huku akikata picha za wateja kwa mkasi. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini; nusu ya picha mbaya za watu ni alama za vidole. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi taratibu, ndipo ubonyeze. Usivute kwa vidole viwili kwenye kioo, unachovuta ni uchafu tu. Tembea, miguu haijavunjika. Mtu akikaa mbele ya dirisha na wewe ukamtazama dirisha likiwa nyuma yake, utapata kivuli chenye masikio. Hama, dirisha likae ubavuni, lipake uso wake upande mmoja. Na kama upande wa pili una giza sana, tundika shuka jeupe lilipokee jua na kulirudisha.

"Fleshi je?"

"Fleshi ni ya kumtisha mwizi. Izime."

Alimfundisha kugusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu ili simu ijue kipi cha kutazama. Alimfundisha kukagua pembe za picha kabla ya kubonyeza, asije akamwotesha mtu nguzo ya umeme kichwani, na hapo Bi Kagua alijiona yuko nyumbani, kwa kuwa kukagua pembe ndiko alikokujua. Na siku aliyompiga picha paka wa walinzi kutoka juu, ikatoka mgongo mtupu, Simama-Hapo alimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akiwa na sare yake, goti kwenye vumbi, na walinzi wakaulizana kama yule mama yuko salama.

Nikiri kwamba kulikuwa na siku shaka ilipumzika. Alipiga viatu vya wanawake vilivyopangwa nje ya kibanda chake, jua la jioni likipita chini ya pazia, na vumbi la sabuni juu ya ngozi za viatu likang'aa. Aliitazama picha ile muda mrefu. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba vilikuwa vya watu waliochoka, visigino vimeliwa upande mmoja, kamba zimeungwa na uzi. Simama-Hapo aliitazama akasema hiyo angeiweka dirishani kwake. Bi Kagua alifurahi mpaka akakasirika. Akaifuta jioni ileile, kwa kuwa alichokuwa akitafuta hakikuwa viatu.

Jumapili zikaenda. Kila moja alisimama mlangoni kwa mama yake, kisigino kwenye kizingiti, simu imeegemea fremu ya mlango usawa wa bega, saa ileile baada ya chakula. Alimwambia mama anajifunza kupiga picha, na mama akasema vizuri, kila mtu na starehe yake. Wifi alipita na ndoo bila kutazama. Na picha zilipokusanyika, hakukuwa tena na suala la lenzi. Vigae vya sakafu vilikuwa rula. Kabati limesimama palepale, kitanda palepale, na kiti kinakwenda kigae kwa kigae kuelekea dirishani, redio ikikifuata, mpaka katika picha ya mwisho vigae vichache tu vilibaki kati ya magoti ya mama na ukuta.

Hasira aliyoisikia ilikuwa tamu, nisikufiche. Hakuna raha kama ya mtu mwenye shaka anapopatia. Akampelekea Simama-Hapo picha zote, safari hii akamwachia simu mkononi.

Simama-Hapo alizipitisha moja baada ya nyingine. "Aliyekipanga chumba hiki anaujua mwanga," alisema. "Kiti kilipofika ndipo hasa ningemkalisha mteja. Tazama uso ulivyopata nuru."

"Mjanja huyo," alisema Bi Kagua. "Anampamba mgeni asione ubaya."

"Au pengine mama yako anapenda dirisha."

"Mama yangu hana nguvu za kusukuma kiti kile."

Simama-Hapo akainua mabega. "Mimi ni wa picha, dada, ya nyumbani kwenu siyajui. Lakini hizi ni picha za kiti. Huna picha ya mtu anayekisogeza. Ukitaka tendo, nenda wakati hawakutarajii, zima mlio wa simu, ingia polepole, subiri. Watu wakizoea kimya chako wanarudi kwenye shughuli zao."

Kwa mpekuzi wa getini, hakuna ushauri ulioingia vizuri zaidi ya huo. Alimpigia mdogo wake simu, akamwambia Jumapili baada ya chakula ataleta alichoombwa, na kwamba mama afungiwe nguo zake. Mdogo wake akasema, "Sawa, dada. Njoo tuyamalize."

Jumapili hiyo hakungoja chakula. Alifika kabla ya adhuhuri, akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani. Wifi alisikika jikoni akiponda kitu. Mdogo wake alikuwa barazani na jokofu la mtu, anagonga. Bi Kagua alivua viatu, akavishika mkono mmoja, simu mkono wa pili, mlio umezimwa, lenzi imefutwa. Mlango wa mama ulikuwa wazi. Akasimama kizingitini, viwiko mbavuni.

Mama alikuwa peke yake, amesimama nyuma ya kiti chake. Aliweka mikono miwili kwenye mgongo wa kiti, akatanguliza mguu mtupu, akapapasa kigae, akapapasa cha pili, mpaka unyayo ukakuta pale jua lilipoangukia. Hapo akatulia. Kisha akaegemea kiti kwa kifua chote na kukisukuma kidogo, akapumzika, akakisukuma tena, mpaka miguu ya kiti ikaingia kwenye jua. Bi Kagua alibonyeza. Alibonyeza tena. Picha zilikuwa safi, zimenyooka, mwanga ubavuni, pembe zote zimekaguliwa. Hakuna hata moja iliyomwonyesha wifi.

Mama akageuka. Uso wake wote ulielekea mlangoni, umejaa nuru ya dirisha upande mmoja, na Bi Kagua akajua amekamatwa. Akashusha simu atafute la kusema.

"Ni wewe, mkwe?" mama aliuliza.

Walikuwa wametazamana. Si mbali, chumba chenyewe kidogo. Bi Kagua alikuwa amevaa gauni lake la njano, mchana mweupe, na mama yake alikuwa akilitazama bega lake.

"Nilikusikia miguu," mama akaendelea, akiketi kitini kwa kushika mkono wa kiti kwanza, na kukivuta kitambaa mapajani. "Nitilie uzi kwenye sindano kabla yule hajafika. Nataka anikute nashona. Kitambaa nilishakiweka mapajani wiki iliyopita, akapiga picha zake, hakugundua." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Na kama mumeo atasema maneno, mzuie. Mimi najua kinachomleta yule leo. Anataka kunichukua. Nitasema tu sitaki, nitamkosea adabu, atanuna, yataisha. Lakini ya macho asiyajue. Yule hawezi kuambiwa jambo la bahati mbaya, mkwe wangu. Hatalia kama watu. Atatafuta mkosaji, na mkosaji umeshachaguliwa wewe. Mwanangu nampenda, lakini namjua."

Kuna watu wakipigwa kofi hurudisha. Bi Kagua maisha yake yote alikuwa hivyo. Safari hii hakuwa na pa kurudisha. Kikombe cha buluu kilikuwa juu ya meza ya redio, chai ya maziwa ndani yake ikionekana wazi hata kutoka mlangoni, na akaelewa. Akaelewa zulia, akaelewa ngazi, akaelewa simu iliyosomwa kwa sauti. Alikuwa amevipekua vyote, kimoja kimoja, na havikuwa vimefichwa. Alisikia aibu, na chini ya aibu uchungu, kwamba mama yake alikuwa akiingia gizani kidogo kidogo huku yeye anampima kwa vigae.

"Mama," alisema, "ni mimi."

Mikono ya mama ilisimama juu ya mapaja. Nje, mdogo wake aliendelea kugonga jokofu.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unasogeza kiti."

Mama akainamisha kichwa, akalainisha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Sasa utamlaumu nani?"

Bi Kagua alifungua mdomo. Jina la wifi lilikuwa limekaa palepale lilipozoea kukaa, mbele kabisa, na alilazimika kulimeza. Viatu vilimtoka mkononi vikaanguka kwenye vigae, na kishindo hicho ndicho kilichomleta mdogo wake na spana mkononi, na nyuma yake mkewe anafuta mikono kwa aproni.

"Dada, umekwisha kufika? Umepita wapi?" Akamtazama, akamtazama mama. Uso wake ukabadilika, lakini alisema lile alilokuwa ameliandaa. "Haya, tuone hizo picha."

"Zipo," alisema Bi Kagua. "Mama anasogeza kiti mwenyewe. Anafuata jua." "Nilikuja kusema mkeo anamsukuma. Nimekosea. Wifi, nimekukosea."

Wifi hakusema "si kitu." Wengine wangesema, na wangepata sifa. Alikwenda akachukua chupa ndogo ya dawa juu ya kabati, akaishika, kama anayehitaji kuwa na kitu mkononi.

"Ni presha ya macho," alisema. "Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Haya matone ni ya kulinda kidogo kilichobaki. Anaona mwanga, anaona kitu cheusi juu ya cheupe, basi."

"Na hamkuniambia."

"Mimi niliwakataza," alisema mama. "Usianze."

Bi Kagua hakuanza. Akakumbuka kitanda kule kwake kilichozuia mlango, akataka kukitaja, akaona namna mama alivyokwisha kuuweka mguu wake tena palepale kwenye jua, bila kupapasa mara hii. Hata hivyo alikitaja, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

"Kwangu kuna nafasi, mama. Nilikuandalia."

"Najua. Nyumba hii naijua kwa miguu, mwanangu. Kwako nitaanza upya kujigonga."

Mdogo wake alimshika dada yake bega, akaliachia, akarudi kwa jokofu lake kwa kuwa hakujua pa kujiweka. Wifi ndiye aliyebaki mlangoni. Alikuwa amechoka, na alisema alilosema bila kupaza sauti.

"Mimi sikufukuzi, wifi. Njoo siku yoyote, hata katikati ya wiki. Ila usinyate. Bisha hodi, sema ni wewe, sema umevaa nini, mwambie umeona nini njiani. Mama sasa anawajua watu kwa sauti. Ya kwako anaijua ikihoji tu."

Akaenda zake jikoni. Bi Kagua akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na kiti, akiwa amepakata simu yake iliyojaa picha nzuri. Mama alingoja, uso ameugeuzia upande wake kidogo, tayari kusikia. Bi Kagua akatafuta la kusema ambalo si swali, na alichelewa sana kulipata.